Mama Alipozaliwa Upya

Ndoo za kunawia mikono zilipoanza kuwekwa kwenye kila mlango hapa Moshi, watu wengi walilalamika kwamba maji yake yanachubua ngozi. Mimi sikulalamikia ngozi. Siku ya kwanza niliikuta ndoo ile mlangoni mwa duka la vitambaa karibu na stendi. Nikafungulia koki, harufu ya klorini ikanipanda puani, nikajikuta nimesimama pale na mikono iliyolowa, watu wakinipita, nisijue tena nilifuata nini dukani. Nilirudi nyumbani bila kununua kitu. Kwa wengine harufu ile ilikuwa ngeni. Kwangu ilikuwa harufu ya nyumba yetu, harufu ya mikono ya Baba, harufu ya kipindi kile Mama aliporudi kutoka India.

Kwetu ni Machame, juu ya Kwa Sadala, mahali ambapo migomba imesongamana mpaka ukiwa barabarani huoni nyumba, unaona moshi wa jikoni tu. Baba alikuwa mwinjilisti wa mtaa wetu wa Kilutheri. Mama alikuwa fundi cherehani. Ndiye aliyeshona majoho yote ya kwaya, na aliimba sauti ya pili kwa namna ambayo Baba, akiwa mbele anatafuta somo la siku, aliweza kujua bila kuinua macho kama mkewe amefika au bado yuko njiani.

Ugonjwa wake ulianza kwa kuchoka. Akitoka sokoni alikaa kwenye kila jiwe la kilima chetu, yeye ambaye zamani alikipanda na ndizi kichwani huku akizungumza. Baadaye mikono yake ikaanza kuota madoa ya zambarau. Mimi niliamini ni cherehani inamuuma, kwa kuwa nilikuwa nimeona mara moja sindano ikimtoboa kidole, na kwa muda mrefu niliichukia cherehani ile. Kisha fizi zikawa zinatoa damu. Baba na Mama wakashuka hospitali Moshi, wakaenda Dar es Salaam, wakarudi na neno moja ambalo watu wazima walilitamka kwa sauti ya chini. Ugonjwa uko kwenye uloto.

Uloto mimi niliujua. Ni ule ute ulio ndani ya mfupa wa ng'ombe. Aliyenifundisha kuula ni Mjomba Aminiel, mdogo wake Mama, kwa kuugonga mfupa kwenye ukingo wa sahani na kuunyonya kwa kelele. Mjomba alikuwa mpagazi, akibeba mizigo ya wageni kupanda mlimani, na akishuka alikwenda moja kwa moja kilabu cha mbege. Kanisani alionekana Krismasi tu. Ndugu wote walipopimwa ili apatikane wa kumpa Mama uloto wake, waliofanana naye hawakupatikana isipokuwa mmoja, naye ni Aminiel.

Bibi, mama yake Baba, alipoambiwa alitikisa kichwa. "Mungu naye ana mambo yake," alisema. "Kati ya wote hawa wanaosali."

Walisafiri watatu, mimi nikabaki na Bibi katika nyumba yake iliyokuwa chini ya yetu, kwenye kihamba kile kile, shamba letu la ukoo. Sikumbuki walikaa huko muda gani. Nakumbuka kahawa ilikuwa na maua walipoondoka, na tulikuwa tunaichuma Baba alipopiga simu akaomba kuzungumza na mimi. Sauti yake ilikuwa ya furaha, ikikatikakatika.

"Manka, mwanangu. Mama yako amezaliwa upya."

Nikaibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Unanisikia? Wamempandikiza uloto wa Mjomba, na umeshika. Madaktari wa huku wanasema sasa ana siku mpya ya kuzaliwa. Yuko kama mtoto mchanga. Mwili wake hauna kinga yoyote, hata zile chanjo zote atachanjwa upya. Akirudi tutamlea taratibu. Utanisaidia kumlea?"

Nikasema ndiyo. Baba alikuwa anazungumza juu ya damu na kinga, lakini mimi nilikuwa mtoto wa mwinjilisti, na nilikuwa nimeketi katika madarasa ya Jumapili ya kutosha kujua kwamba mtu anaweza kuzaliwa mara ya pili. Nilikuwa sijawahi kuambiwa inakuwaje hasa. Sasa niliambiwa. Siku ile niliendelea kuchuma kahawa nikiwaza jambo moja tu, na mwisho nikamuuliza Bibi, "Bibi, mtoto mchanga anamjua nani?"

Bibi alikuwa anawaza mambo yake. "Hamjui mtu," alisema. "Anajua ziwa tu."

Mjomba alitangulia kurudi. Nilimwomba anionyeshe tundu walilotolea uloto, akapandisha shati akanionyesha kiunoni, vialama vidogo kama vya kuumwa na viroboto. Akacheka kwa jinsi nilivyokata tamaa. Ndiye aliyeandaa nyumba, kwa maagizo ya Baba ya kwenye simu. Ng'ombe na kuku walihamishiwa kwa Bibi. Maganda ya kahawa na majani ya migomba yaliyokuwa yakioza karibu na dirisha yalizolewa yote, kwa sababu ukungu wake ungeweza kumwingia Mama kifuani. Chumba kikapigwa chokaa, mazulia na mapazia yakatolewa, sakafu ikadekiwa kwa klorini mpaka macho yakawasha. Nilijua chumba kile kinaandaliwa kwa ajili ya nani. Nilichukua kanga iliyokuwa imenibeba mimi nilipokuwa mdogo, nikaikunja, nikaiweka juu ya kitanda. Mjomba hakuuliza. Aliitoa akaitia kwenye maji ya kuchemka pamoja na shuka.

Gari lilipofika sikumwona mtoto. Aliyeshuka alikuwa mtu mrefu, mwembamba, amefunikwa mdomo na pua, hana nywele, hana nyusi. Ngozi yake ilikuwa laini na imeng'aa, kama ya mtu ambaye jua halijamgusa. Nikaelewa kwamba ni kweli. Hata mtoto wa jirani alizaliwa hana nywele. Nilimkimbilia, Baba akanidaka njiani kwa mkono mmoja.

"Hapana, Manka. Mama hashikwi."

Mama alinyanyua mkono kidogo, akaushusha, akaingia ndani. Hakuniita jina langu. Leo najua alikuwa analia na hakuweza kusema. Siku ile nilijua tu kwamba hanijui.

Basi nikaanza kumfundisha. Niliruhusiwa kusimama nje ya dirisha lake, naye akakaa ndani kwenye kiti, kati yetu kuna kioo na wavu. Kila nikitoka shule nilinawa, nikavua viatu, nikasimama pale nikaanza somo. Nilimwonyesha mgomba nikamwambia huu ni mgomba. Nilimwonyesha mlima ukiwa umefunguka, nikamwambia ule ni mlima, Mjomba anapanda mpaka kule kwenye theluji. Nikajishika kifua nikasema polepole, kama wanavyosema na watoto, "Mimi ni Manka. Mimi ni mtoto wako. Wewe ni mama."

Mama akasogeza kiti karibu na dirisha.

"Manka, unadhani sikujui?"

"Baba amesema umezaliwa juzi."

Mabega yake yalitikisika, sikujua kama anacheka. "Nakujua," alisema. "Ulizaliwa mvua ikinyesha, ukalia mpaka kengele ya asubuhi. Una kovu gotini, ulianguka kwenye mfereji. Hupendi maharage. Nimekusahau wapi?"

Nikaridhika kwamba ananijua, lakini sikuacha kuamini kwamba ni mchanga. Kila kitu kilithibitisha. Chakula chake kilipikwa peke yake. Maji yake yalichemshwa na kuchujwa. Hakula tunda lenye ganda laini, hakunywa maziwa ya kukamuliwa nyumbani, hakutoka nje upepo ukivuma. Baba ndiye aliyefanya yote. Alipika mtori mwenyewe, akiponda ndizi na nyama mpaka zinakuwa laini kama uji, kwa sababu mdomo wa Mama ulijaa vidonda. Alifua, alideki, alinyoosha shuka kwa pasi ya mkaa pande zote mbili. Wanaume waliopita njiani walimwona akianika nguo za mkewe wakatazamana. Yeye aliwasalimia, akaendelea kuanika. Mikono yake ilikauka ikapasuka kwa klorini, na Jumapili alipoishika Biblia ungeona damu nyembamba kwenye vifundo.

Dawa zilikuwa nyingi, na muhimu kuliko zote zilikuwa zile za kutuliza uloto mgeni ili usigombane na mwili uliomo. Baba alinieleza hivyo, na nilielewa, maana Mjomba naye alikuwa mgomvi akilewa. Kila mara ilipofika saa ya dawa walifanya vile vile. Baba aliweka kidonge kwenye kijiko kilichochemshwa, akasema sala fupi, ya maneno machache tu, Mama akakiweka mdomoni, na wote wawili wakasema amina. Asubuhi na jioni. Nilikuwa nikiwatazama kupitia kwenye wavu, na nilidhani ndivyo watu wote waliooana wanavyofanya wakizeeka.

Kilichokuja kuharibu mambo kilikuja kwa upendo. Nalisema hili kwa sababu nimeishi miaka mingi nikitafuta mtu wa kumlaumu na sijampata.

Kikundi cha maombi cha mtaa wetu kilikuwa kimefunga na kuomba kwa ajili ya Mama kipindi chote alichokuwa India. Aliporudi walitaka kumwona. Walikuja jioni moja, akina mama na wazee wawili, wakiimba tangu barabarani, wakiongozwa na Mama Elinami, rafiki wa Mama wa tangu walipokuwa wasichana. Walikuja kumwekea mikono. Baba akatoka akasimama mlangoni.

"Karibuni," alisema. "Ila tutaombea hapa nje. Ndani haingii mtu."

Mama Elinami alidhani hakusikia vizuri. "Mwinjilisti, tumekuja kumshika tu na kumwombea. Hatukai."

"Najua. Ombeni hapa. Atawasikia, na Mungu atawasikia."

"Wewe ndiye uliyetufundisha kuwawekea wagonjwa mikono."

"Mimi," Baba alisema. "Na leo mikono ndiyo ninayoiogopa, mama. Mkiwa na mafua kidogo tu, ninyi mtapiga chafya, yeye atakufa."

Waliomba uani, lakini wimbo wa kuondokea haukuimbwa. Kuanzia hapo maneno yakaanza. Kwamba mwinjilisti anamficha mkewe. Kwamba amerudi na ugonjwa mwingine. Kwamba mtu anayehubiri uponyaji halafu anafunga mlango kwa kuogopa mafua, anahubiri nini? Mzee mmoja wa kanisa alikuja kumshauri apumzike kuhubiri mpaka hali itulie, na Baba akakubali bila kubishana. Jumapili alibaki nyumbani. Mchungaji alipokuja na Chakula cha Bwana alisimama barazani na kanzu yake, akasoma maneno yote hadi mwisho, na Baba akapeleka ndani sahani na kikombe ambavyo alikuwa amevichemsha kwanza. Niliona kwamba Mchungaji hakupenda kuona vyombo vile vikitoka kwenye sufuria.

Mama alibadilika baada ya jioni ile ya nyimbo. Aliwazoea watu. Alikuwa mtu wa kwaya, wa sokoni, wa kushona mtu akiwa amekaa pembeni anasimulia. Niliwasikia wakibishana, yeye na Baba, jambo nililokuwa sijawahi kulisikia.

"Unanizika nikiwa hai, Baba Manka."

"Nakulinda."

"Kwa nani? Kwa watu waliofunga na kuniombea?"

Mama Elinami alirudi siku ambayo Baba alishuka Moshi kufuata dawa. Hakuingia ndani, aliheshimu hilo. Alisimama dirishani, pale pale nilipozoea kusimama mimi, akanisogeza pembeni kwa upole. Mimi nilikaa chini nikapukuchua mahindi. Walizungumza habari za watu, wakacheka, na nilifurahi kusikia Mama akicheka. Kisha sauti ya Mama Elinami ikawa ya chini.

"Rafiki yangu, nikuulize. Unaamini umepona?"

"Naamini."

"Kabisa?"

"Kabisa. Nilimwona Mungu kule, Mama Elinami. Nilikuwa nimeshakufa."

"Basi hivyo vidonge asubuhi na jioni unamwambia nini Mungu? Mtu akikupa zawadi, ukaendelea kumwomba kila siku kana kwamba hajakupa?"

Punje za mahindi ziliendelea kuanguka kwenye ungo. Kwangu mimi yalikuwa mazungumzo ya kanisani kama mengine yote niliyokua nayo.

Wiki zilizofuata zilikuwa nzuri. Nywele za Mama zilianza kuota, laini, zimelala. Alianza kuimba dirishani, sauti ya pili peke yake bila ya kwanza. Baba alitabasamu. Saa ya dawa ilipofika aliweka kidonge kwenye kijiko, akasali, wakasema amina.

Halafu viganja vya Mama vikawa vyekundu. Uwekundu ukapanda mikononi, ukashuka mgongoni, ngozi ikaanza kubambuka kama ya mtu aliyeungua kwa maji ya moto. Macho yakawa ya njano. Tumbo likamwendesha mpaka akashindwa kusimama. Baba alipiga simu kwa daktari, nikamsikia akirudia, "Anameza zote, daktari, namwekea mimi mwenyewe, naona kwa macho yangu." Alipomaliza aliingia ndani. Mimi nilikuwa dirishani, hakuna aliyekumbuka kuniondoa.

"Daktari anasema haiwezekani," alisema. "Anasema ni kama mtu aliyeacha dawa."

Mama aliangalia ukuta. "Niliacha."

Baba alikaa kwenye kitanda, jambo ambalo kwa kawaida hakulifanya akiwa na nguo za nje.

"Nilikuwa naiweka chini ya ulimi," Mama alisema. "Ukitoka naitema. Nilitaka nijue kwamba ni Yeye, si vidonge. Nilitaka nitoke humu ndani nikiwa na ushuhuda."

Nilimjua baba yangu kama mtu mpole, na hata wakati ule hakupaza sauti. Alisema polepole, akiangalia mikono yake iliyopasuka. "Kila kidonge nilikisindikiza kwa sala. Kila kimoja. Nilisema amina, na wewe ukasema amina, huku umekificha."

"Nisamehe."

"Nilikuwa naomba juu ya kijiko kitupu," Baba alisema.

Alimbeba mgongoni mpaka barabarani, gari lilipokuwa limesimama, akiwa amemfunga kwa kanga. Ndivyo mtoto mchanga anavyobebwa, nikaona ni sawa. Nilirudi kwa Bibi. Kutoka kwa watu wazima nilipata vipande tu. Wamemwongezea dawa. Ngozi inapona. Dawa zenyewe zimefungulia mlango maradhi mengine, sasa ni kifua. Yuko kwenye oksijeni. Mjomba alishuka kutoka mlimani na nguo zake za baridi, akaenda hospitali akasema wamtoe tena uloto, wachukue wote. Wakamwambia haisaidii.

Mezani kwa Bibi, Baba aliporudi kuchukua nguo, aliambiwa abariki chakula. Alifumba macho. Tukasubiri. Ugali ulianza kupoa. Mwisho Bibi akasali mwenyewe, kwa Kichagga, na Baba akafumbua macho akala kidogo.

Siku waliyomrudisha Mama nyumbani ndiyo siku niliyoielewa vibaya kuliko zote.

Nilitoka shule nikakuta madirisha yote ya nyumba yetu yamefunguliwa. Mlango uko wazi, umezuiliwa na jiwe usijifunge. Mapazia yamerudishwa. Kuku walikuwa wanatembea barazani. Nilisimama uani nikiwa na mkoba mgongoni, na Baba akatoka, hana kitambaa mdomoni, akaniambia, "Ingia. Mama anakuita."

"Ninawe?"

"Ingia tu."

Nikajua Mama amekua. Uchanga umekwisha. Niliingia mbio, na Mama alikuwa amelala amewekewa mito mingi mgongoni, pumzi yake fupi kama ya mtu aliyemaliza kupanda kilima, akafungua mikono. Nilipanda kitandani na vumbi langu la shule na nikaingia kifuani kwake. Alinusa shingo yangu. Mwili wake ulikuwa na joto na ulinukia hospitali, na sikujali.

"Sasa umekua?" nilimuuliza.

Akapumua mara kadhaa kabla ya kujibu. "Nimekua, Manka."

Siku zile zilikuwa za furaha kuliko zote za utoto wangu. Nyumba ilijaa watu. Kila jirani alileta mtori wake, na Mama alionja wa kila mmoja, kijiko kimoja kimoja. Alikula ndizi mbivu. Alikunywa maziwa ya ng'ombe wetu yakiwa bado na joto la kiwele. Kwaya ilikuja ikaimba ikiwa imemzunguka, naye alisogeza midomo. Nililala naye mchana, nikachana nywele zake laini kwa vidole. Bibi alikuwa amezungumza zamani kwamba Mama akipona kabisa tutafanya shukrani, tutaweka turubai na kualika watu, na mimi nilianza kuchagua gauni.

Mama Elinami ndiye pekee aliyechelewa kuja. Alipokuja alisimama mwisho wa uani, ameshika jani la sale, lile ambalo kwetu mtu huja nalo anapoomba msamaha ambao hastahili kunyimwa. Baba alimtazama kutoka barazani, muda mrefu mpaka nikamvuta shati kumwambia kuna mgeni. Akashuka ngazi. Alilipokea jani, akalishika kwa mikono miwili, kisha akasema, "Pita ndani. Anakuuliza kila siku."

Mama Elinami alipiga magoti kando ya kitanda. Mama akamchukua mkono, akauweka mwenyewe juu ya kichwa chake. Akamwita Baba, akachukua na wa kwake, akauweka juu ya ule. Wakakaa hivyo. Niliwasubiri waombe kwa sauti, kama wanavyoomba watu wa kikundi. Hawakuomba kwa sauti.

Mchana mmoja nilikuwa nimejikunja ubavuni mwa Mama, yeye na Baba wakidhani nimelala.

"Bado unaamini?" Mama alimuuliza.

"Bado nazungumza naye," Baba alisema. "Ila hatuelewani."

"Usiache kuzungumza naye kwa sababu yangu."

"Si kwa sababu yako."

"Mimi simlaumu," Mama alisema, akavuta pumzi, akaanza tena. "Nilimjaribu. Hata hivyo hajanifukuza. Namsikia hapa. Nilitaka ulijue hilo, Baba Manka, wewe mwenyewe, si watu wa kanisani."

Baba aliinama akaweka paji la uso wake kwenye kiganja cha Mama. Nilifunga macho nisije nikaonekana.

Kesho yake au keshokutwa, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, nikarudi kutoka shule njia imejaa tope. Kutoka kwenye kona ya mfereji niliona turubai la bluu limefungwa uani kwetu, na viti vya plastiki vikishushwa kutoka kwenye gari. Nikasema moyoni, ni shukrani. Nilikimbia. Nilikimbia nikicheka, viatu vikikwama topeni, na watu waliokuwa wamesimama chini ya turubai wakageuka kunitazama, na hakuna hata mmoja aliyeweza kunizuia. Aliyenidaka ni Mjomba Aminiel. Alikuwa amekaa chini kwenye miti ya kahawa, peke yake, akanivuta, akanikumbatia kwa nguvu mpaka nikashindwa kupumua. Hakuwa amekunywa. Alikuwa akisema neno moja tena na tena, si kwangu.

"Ulikuwa mzima. Uloto wangu ulikuwa mzima."

Tulimzika kihambani, kati ya migomba. Mchungaji aliendesha ibada. Baba alisimama pembeni ya kaburi akiwa na suti yake ya kuhubiria, na alipoambiwa aseme neno alisema tu, "Asanteni kwa kuja," akaketi.

Alirudi madhabahuni baadaye. Wengi walisema alihubiri kwa ufupi kuliko zamani, na kwamba wagonjwa walipenda aende yeye badala ya mwingine yeyote, kwa sababu alikaa nao bila kuwaahidi kitu. Uponyaji hakuuhubiri tena. Sijui kama ni kwa kukosa imani au kwa aina nyingine ya imani, na sikuwahi kumuuliza, maana kwetu baba haulizwi hivyo.

Lakini mwaka jana, nilipokwenda kumtembelea, tulikaa barazani tukichambua maharage, nami nikapata ujasiri. Amezeeka, macho hayaoni vizuri, alikuwa anachambua kwa vidole. Nilimwambia nakumbuka siku nilipokuta mlango uko wazi na kuku barazani. Nilimwambia nilivyofikiri, kuhusu Mama kukua, kuhusu gauni la shukrani. Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu.

Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Nilikuwa najua," alisema.

"Ulijua kwamba nimeelewa vibaya?"

"Niliiona sura yako ulipoingia. Na Mama yako aliiona."

Nikamuuliza kama siku ile, alipoweka jiwe lile mlangoni, alikuwa ameomba kitu. Kama bado alikuwa na kitu cha kuomba.

"Kimoja," Baba alisema. "Niliomba usijue mapema." Akatoa jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa uani. "Hicho alinipa."